Msanii kwenye skrini: mwiteni afanye kazi, asije kuhutubu

Shughuli yangu ni kuandaa vipindi vya video vinavyowakutanisha wanafunzi na wasanii walio kazini: wachoraji, wafinyanzi, wapiga ala, wacheza dansi. Maombi ya shule hunifikia yakiwa na sura moja: "Tunaomba msanii aje azungumze na wanafunzi kuhusu kazi yake." Hapo huanza kubishana, kwa adabu. Video za wasanii wakisimulia maisha yao zimejaa mtandaoni, na mwanafunzi anaweza kuzitazama wakati wowote. Kitu asichoweza kukipata huko ni kumwona msanii akiifanya kazi, akiiharibu, akiirekebisha, kisha kumkatiza na kumuuliza kwa nini amefuta pale. Hilo ndilo linalostahili kuwa mubashara.

Ugumu ni kwamba hata programu tunazotumia zinamvuta msanii awe mhutubu. Zilibuniwa kwa ajili ya watu waliokaa wakiongea kwa zamu. Sauti isiyo ya mtu anayezungumza huhesabiwa kuwa kelele, na mkono unaosogea mbali na uso huonekana kama sehemu ya ukuta. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maandalizi yangu ni kuzima vitu.

Nianze na sauti, maana ndiko vipindi vingi vinakoharibikia. Programu ya mikutano hufanya mambo matatu bila kukuuliza: huchuja kelele, hufuta mwangwi, na hupandisha au kushusha sauti ili mnong'ono na ukelele vilingane. Mkutanoni ni msaada mkubwa. Mpiga fidla akivuta noti moja ndefu, kichujio huidhani ni mvumo wa feni na kuanza kuila taratibu. Kwenye ngoma, pigo la kwanza hupita, yanayofuata humezwa. Mwalimu wa filimbi akionyesha namna ya kutoka sauti nyororo hadi sauti kali, darasa husikia zote zikiwa na nguvu ileile, na somo limeishia hapo.

Dawa yake iko kwenye mipangilio ya sauti. Zoom, kwa mfano, ina chaguo la kupitisha sauti kama ilivyo, bila kuchujwa, nalo liliwekwa kwa kuwafikiria wanamuziki. Kifuta mwangwi kikizimwa, msanii lazima avae hedifoni na maikrofoni ya darasa inyamazishwe wakati anapopiga; vinginevyo sauti itazunguka na kurudi mpaka masikio yaume. Watu hulaumu intaneti kwa sauti mbovu hata pale isipohusika. Opus, mfumo unaobana sauti kwenye simu nyingi za video zinazopigwa kwa kivinjari, ulikubaliwa kuwa kiwango rasmi mwaka 2012, na unaweza kutumia kuanzia kilobiti 6 hadi 510 kwa sekunde. Muziki unapita humo bila shida. Unachinjwa kabla ya kufika, na vile vichujio.

Kuna jambo moja lisilo na dawa: kupiga pamoja. Wanamuziki wawili hushikilia mdundo bila taabu ikiwa sauti haichelewi zaidi ya takriban milisekunde 25 hadi 30 kwenda upande mmoja. Hewani sauti hutumia kama milisekunde 3 kwa kila mita, kwa hiyo huo ni umbali wa mita zisizozidi 10 hivi, jukwaa la ukubwa wa wastani. Simu ya video ya kawaida huchelewa mara kadhaa zaidi ya hapo. Kwa maongezi hilo halisumbui. Pendekezo la siku nyingi la Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, ni kwamba mazungumzo huenda vizuri ucheleweshaji usipozidi milisekunde 150. Kwa mdundo ni msiba. Wala usitarajie kifaa kipya kije kutuokoa kwenye masafa marefu: mwanga ndani ya nyaya za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kilomita 6,000 zimeshakula milisekunde 30 kabla kamera na kompyuta hazijachukua sehemu yao.

Wapo waliopunguza ucheleweshaji huo. Konsevatori ya Tartini, chuo cha muziki cha Trieste, Italia, ikishirikiana na mtandao wa utafiti wa GARR, ilitengeneza mfumo uitwao LoLa, na mwaka 2010 ukaonyeshwa hadharani kati ya Trieste na Paris. Lakini mfumo huo unahitaji mitandao ya kasi ya vyuo na taasisi za utafiti, na shule nyingi hazina. Mimi huwaelekeza wasanii kwenye mwito na kiitikio: msanii anapiga kipande, ananyamaza, darasa linajibu. Ucheleweshaji unageuka kuwa pumzi ndogo kati ya sauti mbili na hakuna anayeuona. Masomo ya ala ya bingwa na mwanafunzi yalifaulu kwa video mapema kwa sababu hiyohiyo. Manhattan School of Music ya New York ilianzisha programu yake ya kufundisha kwa mbali mwaka 1996, mpiga fidla Pinchas Zukerman akiwa miongoni mwa waanzilishi. Masomo ya aina hiyo huenda kwa zamu tangu asili: mwanafunzi anapiga, anasimama, mwalimu anasema.

Kwenye picha, adui ni kamera inayojirekebisha yenyewe. Mchoraji akiweka karatasi nyeupe chini ya kamera, kamera huona mwanga umezidi, huupunguza, na karatasi huwa kijivu huku mistari myepesi ya penseli ikipotea. Akipaka nyekundu eneo kubwa, kamera huanza kuzisawazisha rangi na weupe wa pembeni huegemea samawati. Msanii anaeleza tofauti ya rangi mbili ambazo darasani zinaonekana sawa! Kama kamera inaruhusu, funga mwangaza na rangi kabla ya kuanza. Isiporuhusu, zungushia kazi karatasi pana ya kijivu cha wastani, kamera hutulia. Kufifisha mandhari ya nyuma nako kuzimwe, kwa sababu hula brashi, patasi, na mara nyingine vidole.

Kamera ziwe mbili, moja ya uso na moja ya mikono, na hata simu ya zamani iliyofungwa kwenye stendi inatosha kwa mikono. Ya mchoraji huwa naiweka juu ya bega lake, ili mwanafunzi aone mikono kama anavyoiona yake mwenyewe. Kwa mfinyanzi hiyo haifai. Chungu hutazamwa ubavuni, maana ukuta unaoinuka na kukonda ndio somo lenyewe. Taa itoke pembeni, kwa kuwa ya mbele hufuta mikwaruzo na mabonde yote ya udongo. Mcheza dansi ageuke, mgongo uelekee kamera, anapofundisha hatua, la sivyo mguu wake wa kulia utaonekana upande wa kushoto wa darasa. Na miguu yenyewe ionekane. Sijui ni kwa nini watu husahau miguu.

Halafu bandika picha ya mikono isihame. Programu humfuata anayetoa sauti, kwa hiyo mwanafunzi akikohoa, chungu kinatoweka na darasa linajitazama lenyewe.

Yote hayo ni bure kama wanafunzi wameingia mikono mitupu. Sharti langu kwa mwalimu ni kwamba darasa lifanye kazi ileile kwanza, kwa vifaa vilevile atakavyotumia msanii, na picha za kazi hizo zimfikie siku chache kabla. Asiyewahi kuchora uso atauliza, "Unapata wapi msukumo?" Aliyehangaika na pua kwa nusu saa atauliza kwa nini msanii ameanza na kivuli badala ya mstari, na jibu litaanza na penseli kabla ya mdomo. Wasanii wengi huchangamka wanapopata swali la aina hiyo. La msukumo wamelijibu mpaka limewachosha.

Katikati ya kipindi huwa naomba dakika kadhaa za msanii kufanya kazi bila kusema neno. Walimu huingiwa na hofu, hudhani mtandao umekatika, huanza kujaza kimya kwa maelezo. Waache kufanya hivyo. Maikrofoni ikiwa karibu na kazi, darasa litasikia patasi ikibadilisha mlio inapofika kwenye fundo la mti, na watakaoliona hilo watauliza.

Mtandao ukilegea, kuna utaratibu wa kuacha vitu: kwanza picha ya darasa, kisha uso wa msanii, mikono inafuata, sauti mwisho kabisa. Waya ni bora kuliko Wi-Fi.

Kuhusu malipo siyumbi: maandalizi na majaribio ya kamera yalipwe pamoja na kipindi. Kurekodi kuandikiwe makubaliano: nani anahifadhi, kwa muda gani, na kama itapandishwa mtandaoni. Mkataba wa Beijing wa mwaka 2012, ulioanza kutumika 2020, unawapa waigizaji, wanamuziki na wacheza dansi haki juu ya rekodi za picha na sauti za maonyesho yao katika nchi zilizouridhia. Kwa upande wa watoto, ridhaa ya wazazi ipatikane kabla, mwalimu asitoke darasani hata dakika moja, na mawasiliano yote yapitie shule, pasiwe na ujumbe wa faragha kati ya msanii na mwanafunzi.

Muda wa saa moja nikipewa, naugawa kuwa vipindi viwili vyenye wiki moja au mbili katikati, ili wanafunzi warudi na kazi waliyoibadilisha na msanii aseme kilichopona na kilichoharibika. Ratiba ya shule ikikataa, naomba angalau picha za kazi hizo zimrudie kupitia kwa mwalimu, naye ajibu kwa ujumbe wa sauti.