Trevelyan, ofisa aliyepiga vita vimemo

Ninapoendesha mafunzo elekezi kwa watumishi wapya, huanza kwa kuwauliza: nani hapa alifanya mtihani wa usaili? Mikono yote hunyanyuka. Wanasimulia ukumbi uliofurika, vyeti kwenye bahasha ya kaki, nauli ya kukopa. Nikiuliza utaratibu huo tuliutoa wapi, kimya.

Wachina walikuwa na mitihani ya namna hiyo karne nyingi zilizopita, lakini huu wetu ulitufikia kupitia London, na jina la kulishika ni Charles Trevelyan. Alizaliwa 1807, akaenda India kulitumikia shirika la East India Company, kampuni ya Kiingereza iliyotawala sehemu kubwa ya nchi hiyo. Mwaka 1829, akiwa na miaka 22, alimshtaki bosi wake wa Delhi, Sir Edward Colebrooke, kwa rushwa. Hebu fikiria kijana wa ajira mpya anamfungulia mashtaka mkuu wake! Uchunguzi ukafanyika, Colebrooke akafukuzwa kazi.

Mwaka 1840 akawa mtendaji mkuu wa Hazina ya Uingereza, kiti alichokikalia miaka 19. Kazi serikalini zilikuwa za kujuana: mbunge anapeleka jina, waziri anaweka sahihi. Sisi tunaviita vimemo. Ripoti aliyoandika na Stafford Northcote, iliyotoka 1854, ilisema wazi kwamba wanaoukimbilia utumishi ni hasa wasio na ari, wavivu na wasio na uwezo. Wakapendekeza mtihani wa wazi wa ushindani, na mtu apande cheo kwa sifa, si kwa kukaa muda mrefu. Wakubwa walipinga sana. Tume ya utumishi iliundwa 1855, lakini mwanzoni iliwapima zaidi watu waliokwisha kupendekezwa. Ushindani wa wazi ulienea katika idara nyingi kuanzia 1870, chini ya waziri mkuu Gladstone.

Ningeweza kuishia hapo, na miaka ya nyuma niliishia hapo. Siku hizi nawapeleka Ireland.

Ugonjwa wa ukungu uliharibu viazi kuanzia 1845, na viazi ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini. Serikali ya waziri mkuu wa Uingereza, Peel, ilinunua mahindi Marekani. Sisi tuliolelewa na ugali tunajua hindi kavu linataka mashine nzuri na moto wa kutosha. Kule watu walizoea kuchemsha viazi. Mahindi yale yalikuwa magumu kiasi cha kusagwa mara mbili, na walioyala bila kuiva vizuri waliumwa matumbo. Trevelyan ndiye aliyesimamia fedha za misaada. Aliamini soko lisiingiliwe, na nafaka ikaendelea kusafirishwa nje ya Ireland. Wenye njaa walitakiwa kwanza wafanye kazi ya ujira: Machi 1847 watu zaidi ya 700,000 walikuwa kwenye vibarua vya serikali, wengi wakijenga barabara, kwa malipo yasiyotosha kununua chakula. Kiangazi hicho yakafunguliwa majiko ya supu, yakalisha watu wapatao milioni 3 kwa siku. Yalifanya kazi! Yakafungwa miezi michache baadaye, mzigo wakatupiwa walipakodi wa Ireland yenyewe. Watu kama milioni 1 walikufa. Mwaka 1848 Trevelyan aliandika kwamba janga lile lilikuwa pigo la Mungu mwenye hekima na rehema.

Mawaziri waliamua pamoja naye, na wanahistoria bado wanabishana kuhusu fungu lake la lawama. Ninaloliona mimi ni kwamba mchapakazi yule, mshika taratibu, mwenye uchungu na kila senti ya serikali, ni mtu yuleyule katika ripoti na katika njaa. Mtihani wake mwenyewe ungempitisha kwa alama za juu.

Mwaka 1859 alikwenda Madras, India, kuwa gavana. Mwaka uliofuata James Wilson, msimamizi wa fedha wa serikali ya India, alipoleta kodi ya mapato, Trevelyan aliipinga kwa kuwatetea wakazi wa India, akachapisha pingamizi lake magazetini, akarudishwa nyumbani. Safari hii watu wa kuumizwa na uamuzi alikuwa anaishi nao.

Kwa hiyo siku ya mwisho ya mafunzo huwa nafunga kompyuta. Nawapeleka kwenye ofisi ya huduma, wakakae benchi la wananchi saa nzima, waone foleni inavyokwenda.