Vijeshi vya mezani sio midoli ya watoto

Mtu akipita klabu kule Nottingham, Uingereza, akakuta watu wazima wamezunguka meza wanasogeza vijisanamu vya askari kwenye mchezo wa vita vya kuigiza, anasema hao wanacheza midoli tu na kete ndo zinaamua kila kitu. Sio kweli jamani! Ukirusha kete 20 na unahitaji 4 kwenda juu, tegemea kama 10 zikubali, kwahiyo mchezaji mzuri anapiga hesabu kwanza, anapima umbali kwa tepu, anaficha askari nyuma ya vijimagofu vilivyopangwa mezani, ndo anarusha. Na jeshi lenyewe unaliunganisha kwa gundi, unalipaka rangi kwa brashi nyembamba, miezi inapita, mi naiona ni sanaa kabisa. Halafu maofisa wa jeshi la Prussia, ufalme wa zamani wa Kijerumani, walishaanza kujifunzia vita kwa michezo ya mezani tangu miaka ya 1820.