Je, wajua kwa nini walowezi wa Jamestown walikufa njaa kando ya mto wenye samaki tele?

Mei 1610, George Percy, aliyekuwa akiongoza makazi ya Waingereza ya Jamestown huko Virginia, aliteremka mto James hadi Algernon, ngome ndogo iliyokuwa mdomoni mwa mto huo. Jamestown alikuwa ameacha watu kama 60, mifupa mitupu, waliosalia katika mamia. Algernon akawakuta Waingereza wenzake wamenawiri, na kaa waliowabakia wamekuwa wakiwalisha nguruwe. Mto ni mmoja, majira ya baridi ni yale yale, na umbali hata kilomita 100 haufiki. Iweje huku watu wale viatu na kule nguruwe wale kaa?

Tuanze na mahali penyewe. Kampuni ya Virginia ya London, iliyogharimia safari, ilikuwa imewaagiza wasijenge penye bonde wala unyevu, kwa kuwa pangewaletea maradhi. Wanaume na wavulana 104 walioshuka Mei 1607 wakachagua rasi iliyozungukwa na kinamasi. Walikuwa na sababu. Maji ya pale yalikuwa na kina cha pima sita hadi ukingoni, kiasi kwamba meli ziliweza kufungwa kwenye miti. Isitoshe, walikuwa wakiwahofia Wahispania, na mahali pale palilindika kwa urahisi. Kwa mwanajeshi palifaa. Kwa anayetaka kunywa maji na kulima, hapakufaa hata kidogo.

Mto James hupata maji kujaa na kupwa hadi mbali sana bara. Kiangazi, maji ya kutoka milimani yakipungua, chumvi ya bahari hupanda hadi usawa wa Jamestown na kukaa hapo hapo. Msomaji wa pwani ataielewa haraka: maji yakijaa unakunywa chumvi, yakipwa unakunywa tope, na uchafu unaoutupa asubuhi unarudishiwa jioni. Percy aliandika kwamba maji hayo yaliwaua wengi. Kisima ndani ya ngome kilichimbwa mwaka 1609 tu, baada ya miaka miwili ya kunywa mto. Kuhara damu, homa ya matumbo na chumvi ndizo zinazotajwa zaidi na watafiti wa leo. Posho nayo ilikuwa ya kikombe kimoja cha ngano na kimoja cha shayiri kwa mtu kwa siku, nafaka iliyokaa melini wiki 26 ikajaa funza. Kufikia Januari 1608 walikuwa hai 38.

Kulima je? Walilima kidogo mno. Karibu nusu ya kundi la kwanza walikuwa mabwana wasiozoea jembe, na shehena ya watu iliyofuata ilileta wasafisha dhahabu, masonara na mtengeneza manukato. Dhahabu haikuwepo. Tegemeo likawa mahindi ya wenyeji, watu wa mtemi mkuu Wahunsenacawh, ambaye Waingereza walimwita Powhatan. Walibadilishana shaba, shanga na mashoka kwa mahindi, na wakinyimwa, walitumia bunduki.

Hapa pana jambo ambalo Waingereza wenyewe hawakulijua. Pete za miti mikongwe ya vinamasi vya eneo hilo zinaonyesha kwamba miaka 1606 hadi 1612 ilikuwa ya ukame mkali kuliko kipindi kingine chochote cha miaka saba katika karne zaidi ya saba. Yaani walikuwa wakidai mahindi kwa watu ambao ghala zao zenyewe zilikuwa zikipungua. Mtemi alipokataa, mara nyingi hakuwa akiringa.

Wenyeji waliponea vipi? Walihama na chakula. Majira ya kuchipua waliweka nyando mtoni, wakafuata chaza, na baridi ilipoingia walikwenda kuwinda kulungu mbali na vijiji. Pia walichimba mizizi ya kinamasini iitwayo tuckahoe, mmea wa jamii moja na magimbi. Aliyewahi kula gimbi ambalo halijaiva anajua koo linavyowasha. Tuckahoe ni kali zaidi. Walirundika mizizi, wakaifunika kwa majani ya mwaloni na udongo, kisha wakakoka moto pande zote mbili kwa saa 24. Ikiliwa mbichi ni sumu. Chakula kilikuwepo, ila kilidai maarifa, na zaidi ya hayo kilidai uhuru wa kutoka nje.

John Smith, aliyekuwa akiongoza makazi wakati huo, alilielewa hilo. Mapema 1609 panya walipomaliza mahindi ghalani, alitawanya watu: wengine kwenye miamba ya chaza, wengine kwa wenyeji. Kundi la 20 alilituma mdomoni mwa mto kuvua, akiwemo Percy huyu huyu, na kwa maelezo ya upande wa Smith, wiki sita nzima hawakuafikiana kutupa wavu hata mara moja. Tuseme hivyo, tukikumbuka kwamba Smith hakuwapenda mabwana.

Kisha mambo matatu yakagongana. Meli tisa zilizobeba watu wapatao 500 zilikumbwa na kimbunga Julai 1609. Sea Venture, iliyobeba viongozi, ikavunjikia Bermuda. Zilizofika Jamestown mwezi Agosti zilileta mamia ya midomo, na chakula kingi kimeharibiwa na maji ya bahari. Oktoba, Smith, aliyeungua vibaya kwa baruti, akarudi Uingereza. Novemba, wapiganaji wa Powhatan wakaizingira ngome: anayetoka kutafuta kuni au mizizi huuawa, na nguruwe waliofugwa kisiwani wakachinjwa. Samaki wakubwa wanaopanda mtoni kutaga nao walikuwa wamekwisha kurudi baharini. John Ratcliffe, mmoja wa manahodha wa Jamestown, alikwenda kutafuta mahindi akauawa. Francis West, nahodha mwingine, aliyapata, akajaza meli, kisha akatweka tanga kwenda kwao Uingereza nayo.

Hesabu ikapigwa: nusu kopo la unga kwa mtu kwa siku, akiba ingefika miezi mitatu. Waliliwa farasi kwanza, halafu mbwa na paka, panya na nyoka, mwisho ngozi za viatu. Kwamba walikula na maiti liliandikwa wakati ule ule, lakini wengi waliliona ni uzushi hadi 2012, wanaakiolojia walipofukua ghala la chini ya ardhi na kukuta fuvu na mfupa wa mguu wa msichana wa miaka 14 hivi, vimechanganyika na mifupa ya farasi na mbwa. Paji la uso lina alama nne za kukatwa, zisizo na kina, zimekaribiana: mkono uliosita. Kisogoni mapigo ni mazito zaidi, na kwenye panja la kushoto ncha ya chuma ilisukumwa kufungua fuvu. Jina lake halijulikani. Watafiti walimpa la Jane.

Walionusurika Bermuda waliunda meli mbili mpya, wakawasili muda mfupi baada ya Percy kuona wale kaa. Kiongozi wao, Thomas Gates, alipoona hali na akiba iliyobaki, aliamua wote waondoke. Tarehe 7 Juni wapo waliotaka kuichoma ngome. Gates akawazuia, akapanda melini wa mwisho. Kesho yake, wakiwa bado mtoni, wakakutana na mashua yenye habari kwamba Lord De La Warr, gavana mpya, yuko njiani na watu 150 na chakula cha mwaka mmoja. Wakageuza.