Kinga pini za maikrokontrola kabla hujawasha umeme

Bodi zinazorudishwa kitengo cha vifaa zikiwa na pini zilizoungua zinaongezeka, na maelezo ni yaleyale: "Adapta ilikuwa ya ampia 2, ikasukuma mkondo mwingi." Hapana. Adapta haisukumi; mzigo, yaani kifaa ulichofunga, ndio unaovuta.

Tuchukue ATmega328P, chipu ya maikrokontrola (kompyuta ndogo inayoongoza vifaa kupitia pini zake). Zile miliampia 40 kwa pini kwenye waraka wa mtengenezaji ni mpaka wa kuharibika, si kiwango cha kazi. Ishia 20, na jumla inayopita VCC (pini ya umeme chanya wa chipu) au GND (pini ya ardhi, volti 0) isifike 200. LED nyekundu ya volti 2 kwenye pini ya volti 5 ipewe rezista ya omu 330. Itapata miliampia 9 hivi, na itaonekana vizuri tu.

Rilei, yaani swichi inayovutwa na koili ya umeme, haifungwi moja kwa moja kwenye pini. Koili ya volti 5 yenye omu 70 huvuta miliampia 71. Tumia transista ya 2N2222, rezista ya omu 1,000 kati ya pini na besi (mguu wa transista unaoiamuru), na dayodi (inayopitisha mkondo upande mmoja tu) ya 1N4007 sambamba na koili, ncha yenye mstari ikiwa upande wa chanya. Bila dayodi hiyo, koili ikikatiwa umeme hurusha volti nyingi zinazoua transista.

Pini za kuingiza, zinazopokea ishara, ndizo zinazodharauliwa. Volti ikipita VCC kwa zaidi ya 0.5, dayodi za ndani ya chipu hufunguka na kubeba mkondo ambao hazikutengenezewa. Ishara ya volti 12 igawanywe kwa rezista mbili: omu 20,000 juu (kati ya ishara na pini), 10,000 chini (kati ya pini na GND), pini ipate volti 4. Na fyuzi, tafadhali, si kinga ya pini: chipu huungua kwanza. Bodi iliyochomolewa umeme ikiwa bado inawaka taa hafifu, basi inalishwa na ishara kupitia dayodi hizohizo. Ikate ishara hiyo.

Kuhusu kurudisha bodi: ondoa nyaya zote, iweke pini kuwa ya kutoa, pima kati yake na GND ikiwa juu (volti 5 hivi), kisha ikiwa chini (karibu na 0). Andika kwenye fomu namba ya pini na vipimo vyote viwili. Fomu isiyo na vipimo haipokelewi. Pini iliyoungua kwa kukosa rezista hulipiwa bodi nzima. Atakayehamishia waya pini ya jirani na kunyamaza atasimamishwa kuazima bodi, hata kama bodi inafanya kazi.