Je, wajua damu ya mkononi inaweza kueleza kama aliyeumia kichwa atapona?

Mtu akianguka na bodaboda akagonga kichwa, ndugu wakishafika hospitali swali lao huwa moja tu, daktari, atapona? Na daktari mara nyingi anajibu tusubiri. Sio kwamba anaficha kitu, ubongo umefungiwa ndani ya fuvu na hata siti skani, ile picha ya mashine ya ndani ya kichwa, haioneshi kila kitu, inaonesha damu iliyovuja na mfupa uliopasuka, ila nyuzi nyembamba za seli zilizochanika ndani huko nyingi hazionekani kabisa. Ndo maana unakuta picha safi alafu miezi mitatu baadae mtu bado kichwa kinamuuma, anasahau, ana hasira ambazo nyumbani hawakumjua nazo.

Sasa damu inaingiaje hapa? Seli za ubongo zina protini zake ambazo kwa mtu mzima wa afya zinabaki humo humo, kwenye damu utakuta chembe kidogo sana. Kichwa kikipata kishindo seli zinapasuka, vilivyokuwemo vinamwagika na vingine vinapenya mpaka kwenye damu, yaani ni kama nyumba imebomoka usiku, hujaiona ila asubuhi unakuta kifusi kimeletwa na maji mpaka barabarani. Ukikiangalia kifusi unajua kuna kilichobomoka, na kwa kiasi fulani unajua ni kikubwa au kidogo.

Protini mbili ndo zinatajwa sana. GFAP inatoka kwenye zile seli zenye umbo la nyota zinazozishikilia na kuzihudumia seli za fahamu, na UCH-L1 inatoka ndani ya seli za fahamu zenyewe. UCH-L1 inawahi, inafika kilele kama saa 8 baada ya ajali kisha inashuka, GFAP inachelewa mpaka kama saa 20, kwa hiyo saa ya kuchukua damu ni muhimu sana. Kabla yao kulikuwa na S100B, nchi za Skandinavia wameiweka kwenye mwongozo wao wa majeraha ya kichwa tangu 2013, shida yake inatoka pia kwenye mafuta na misuli, aliyevunjika mguu inampanda hata kama kichwa ni kizima, na majeruhi wetu wa barabarani wangapi wanaumia sehemu moja tu?

Marekani mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, iliruhusu kipimo cha GFAP na UCH-L1 mwaka 2018, na 2024 ikaruhusu kile cha mashine ya kushika mkononi, kinatumia damu nzima bila kuitenganisha kwanza, majibu dakika 15. Lakini tuelewane, kazi yake rasmi ni kusaidia kuamua kama huyu mwenye jeraha dogo anahitaji siti skani au hapana. Kutabiri kupona ni habari nyingine.

Na kwenye kutabiri, utafiti mkubwa ni wa TRACK-TBI, mradi wa Marekani wa majeraha ya ubongo, uliotoka 2022, watu 1,696 walipimwa damu siku ile ile ya ajali wakafuatiliwa miezi 6. Uwezo wa kubashiri unapimwa kwa namba, 0.5 ni sawa na kurusha shilingi na 1 ni kupatia kila mara. Kubashiri nani atafariki GFAP ilipata 0.87 na UCH-L1 0.89, hiyo ni nzuri sana. Kubashiri nani hatarudi kikamilifu kwenye hali yake ya zamani? 0.62 na 0.61. Hapo karibu turushe shilingi tu.

Mi naona hiyo tofauti ndo kitu ambacho familia inastahili kuelezwa vizuri, manake kifusi kinakwambia kilichobomoka, hakikwambii ujenzi utaendaje. Umri, majeraha ya zamani, usingizi, msongo wa mawazo, kama kuna wa kumpeleka mazoezi ya viungo, vyote hivyo havimo kwenye tone la damu la siku ya kwanza.

Ila kuna protini nyingine naiangalia kwa matumaini zaidi, NfL, inatoka kwenye zile nyuzi ndefu zinazounganisha seli, zile zile ambazo siti skani inazipita. Yenyewe haina haraka, inapanda taratibu na kilele chake ni kati ya siku 10 na wiki 6. Timu ya Imperial College London ilionesha 2021 kwamba walio na NfL nyingi ndo ubongo wao ulisinyaa zaidi ndani ya mwaka. Kwa hiyo labda tumezoea kupima mapema mno, siku ya ajali tu basi, wakati swali la atarudi kazini lini linahitaji damu ya wiki ya tatu, kipindi ambacho mgonjwa kisharuhusiwa, yuko kwao, na hakuna aliyempa tarehe ya kurudi.