Kuacha deni dogo kwenye kadi ya mkopo hakupandishi alama zako

Upo ujumbe usiokoma kuzunguka katika makundi ya gumzo ya wazungumzaji wa Kiswahili waishio Marekani: usilipe deni lote la kadi ya mkopo, bali acha kidogo kila mwezi ili alama zako za mkopo, yaani namba inayowaonesha wakopeshaji jinsi unavyoaminika kulipa, zipande. Si kweli.

Kinachojenga alama hizo ni hasa kulipa kwa wakati na kutumia sehemu ndogo ya kikomo ulichowekewa. Riba unayolipa haihesabiwi. Chukua taarifa ya mwezi yenye dola 400 za chakula na mafuta ya gari. Ukizilipa zote kabla ya siku ya mwisho, kwa kawaida hutozwi riba hata senti moja. Ukibakiza dola 50, sasa umekopa, na katika kadi nyingi hata mkate utakaoununua kesho utaanza kutozwa riba siku hiyohiyo, kwa kuwa nafuu ya muda usio na riba imeondoka.

Kosa hili linaeleweka. Kampuni nyingi hupeleka kumbukumbu za deni kwa mashirika yanayotunza rekodi za mikopo pale taarifa ya mwezi inapofungwa, kabla mteja hajalipa, hivyo hata anayelipa yote huonekana anadaiwa, na mtu hudhani deni lile ndilo lililompandisha.

Kuhakiki ni rahisi: tazama mstari wa riba katika taarifa yako, ambayo kwa sheria ya mwaka 2009 huonesha pia utamaliza deni lini ukilipa kiwango cha chini pekee. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.