Ogiek walishinda Arusha. Mbona bado wanafurushwa?

Wanafunzi wa sheria huniuliza swali hili karibu kila muhula, na ni swali la haki. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba serikali ya Kenya imekiuka vifungu 7 vya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu kwa jinsi ilivyowatendea Waogiek, jamii ya wawindaji na wakusanyaji wa Msitu wa Mau. Tarehe 23 Juni 2022 ikatoa hukumu ya fidia: Sh57,850,000 kwa hasara ya mali, Sh100,000,000 kwa machungu waliyoyapitia, na ardhi yao ya mababu ipimwe, iwekewe mipaka na kutolewa hatimiliki ya jamii ndani ya miaka 2. Novemba 2023, muda huo ukiwa bado unahesabika, nyumba za Waogiek zilibomolewa Sasimwani, Kaunti ya Narok.

Jibu linalotolewa redioni ni kwamba hakuna nia ya kisiasa. Mimi jibu hilo silipendi, maana linaifanya serikali ionekane imesinzia. Katika kazi yangu ya sheria ya ardhi nimekutana na serikali iliyo macho kabisa, inayojua ni faili gani isifunguliwe na kwa nini.

Faili yenyewe ni ya mgao wa ardhi ya Mau. Miaka ya 1990 serikali ilianzisha miradi ya makazi upande wa mashariki wa msitu huo, na sababu iliyotangazwa ilikuwa kuwapa Waogiek mahali pa kukaa. Waogiek wenyewe walishtuka walipoona wageni wakija na karatasi za kumiliki vipande vya ardhi hiyo, wakaenda Mahakama Kuu mwaka 1997. Mwaka huohuo mahakama ikatoa amri ugawaji usimame kwanza. Haukusimama. Mwaka 2001 serikali ilitangaza katika Gazeti Rasmi kwamba zaidi ya hekta 60,000 zinamegwa kutoka Mau. Kwa sheria ya misitu ya wakati ule, waziri alihitaji tu kutoa ilani ya siku 28, basi. Na kesi ya 1997? Ilitolewa hukumu Machi 2014, miaka 17 baadaye, Waogiek wakashinda. Tume ya Taifa ya Ardhi ikapewa mwaka mmoja kuandaa sajili ya Waogiek wanaostahili na kutafuta ardhi ya kuwapa.

Mtu akitaka kuelewa ufisadi wa ardhi, asianze na hotuba za wanasiasa. Aanze na orodha ya wanufaika wa mradi wa makazi. Nimewahi kuzipitia kadhaa. Kurasa za mwanzo huwa safi: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya kipande, ekari chache kila mmoja. Unaona ukoo mmoja, kijiji kimoja, unaamini kazi ilifanyika. Kadiri unavyofungua, majina yanabadilika. Yanaanza kuingia ya watu ambao hawajawahi kukaa pale, kisha kampuni, na ekari zinakua. Mwishoni unakuta majina yaliyoongezwa kwa kalamu, bila kitambulisho, yakiwa na muhuri uleule. Maskini aliyetajwa kwenye tangazo ndiye anayehalalisha mradi, na kigogo wa ukurasa wa mwisho ndiye anayebaki na shamba. Tume ya Ndung'u, iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma na ambayo ripoti yake ilitolewa kwa umma Desemba 2004, ilieleza mtindo huu nchi nzima na kukadiria kwamba hatimiliki zipatazo 200,000 zilitolewa kinyume cha sheria kati ya 1962 na 2002.

Sasa irudie hukumu ya Arusha. Ukianza kupima ardhi ya Waogiek, lazima uweke juu ya meza kila hati iliyokwisha kutolewa ndani ya mipaka hiyo na kuuliza mwenyewe aliipataje. Hukumu ya fidia ikitekelezwa yote inageuka uchunguzi wa ufisadi, na hilo ndilo linaloogopwa. Zile Sh157,850,000 ni pesa ndogo kwa hazina ya taifa. (Niongeze kwa haki: wapo wanyonge wengi waliouziwa vipande hivyo na vigogo, wakaweka akiba yao yote pale. Kila hati zinapotajwa, hao ndio husukumwa mbele ya kamera, huku aliyewauzia akikaa kimya.)

Kwa hiyo inahitajika njia ya kutotekeleza bila kukataa, na njia hiyo tunayo: jopokazi. Baada ya hukumu ya 2017 liliundwa moja Novemba mwaka huohuo. Halikuwa na Mwogiek. Muda wake uliongezwa, ripoti ikaandikwa, umma haukuonyeshwa. Jamii nyingine, Waendorois, walikuwa wameshaonja dawa hiyohiyo. Wao waliondolewa kando ya Ziwa Bogoria kuanzia 1973 ili pawe hifadhi ya wanyama. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikaamua upande wao, na Umoja wa Afrika ukauidhinisha uamuzi huo mwanzoni mwa 2010: watambuliwe kuwa wamiliki, warudishiwe ardhi, wafike ziwani kwa ibada na malisho, walipwe fidia na mrabaha. Serikali ilipewa miezi 3 kuripoti. Jopokazi lilikuja Septemba 2014, bila Mwendorois hata mmoja, likapewa mwaka mmoja, na mwaka ukaisha ardhi ikiwa palepale. Kabla ya hapo, mwaka 2011, ziwa lilikuwa limeshaingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia bila wenyewe kushirikishwa ipasavyo.

Mtindo huu haukuanza na serikali hizi. Mwaka 1904 Waingereza waliwaahidi Wamaasai kwamba maeneo waliyotengewa, Laikipia ikiwemo, yatakuwa yao maadamu kabila lao lipo. Mwaka 1911 wakaletewa mkataba mwingine wa kuwahamisha kutoka Laikipia. Walipokwenda mahakamani, kesi ikatupwa mwaka 1913 kwa hoja kwamba ile mikataba ilikuwa baina ya madola mawili, kwa hiyo mahakama ya kawaida haina mamlaka juu yake. Yaani walihesabiwa kuwa dola siku ya kushtaki tu.

Mzee mmoja aliwahi kuniuliza kikaoni: "Wakili, hiyo karatasi ya Arusha, chifu ameiona?" Watu wakaangua kicheko, lakini mzee alikuwa amegusa penyewe. Askari wa msitu hafanyi kazi na hukumu. Anafanya kazi na ramani iliyo ofisini kwake, na ramani hiyo inasema hapa ni msitu wa serikali. Hukumu isipogeuzwa kuwa tangazo katika Gazeti Rasmi, ramani mpya ya upimaji na fungu katika bajeti, kwake haipo.

Hapo Katiba ya 2010 ina tatizo lake, na mawakili wa serikali wanalijua vizuri. Kifungu cha 63 kinasema ardhi ya jamii ni pamoja na ardhi za mababu na zile ambazo kwa desturi zilikaliwa na jamii za wawindaji na wakusanyaji. Huyo ni Mwogiek kabisa. Lakini kifungu cha 62 kinaweka misitu ya serikali na maeneo ya vyanzo vya maji katika ardhi ya umma, na msamaha kinaoutoa ni kwa misitu inayosimamiwa na jamii tu. Aya ya mababu na wawindaji haikutajwa pale. Basi kila upande unasoma kifungu chake. Isitoshe, sheria ya misitu ya 2016 sasa inataka mabadiliko ya mpaka wa msitu wa umma yapitie Bunge. Ni sheria nzuri, naiunga mkono. Ila mlango aliopitia kigogo mwaka 2001 kwa ilani ya siku 28 ulikuja kufungwa Mwogiek akiwa bado nje.

Hoja ya uhifadhi, ambayo hutolewa kila mara mabati yanapong'olewa, mahakama ya Arusha iliishughulikia moja kwa moja mwaka 2017. Haikuona ushahidi kwamba Waogiek ndio wanaoharibu Mau. Iliona uharibifu umetokana na watu wengine walioingia na maamuzi ya serikali yenyewe ya kumega msitu.

Kwa hiyo likitangazwa jopokazi jingine, mimi nitatafuta mambo mawili katika tangazo lake. Kwanza, kama limepewa mamlaka ya kuchunguza hati za ardhi iliyomegwa 2001 au ya kushauri tu. Pili, kama ripoti yake inapelekwa Bungeni, ambako mwananchi anaweza kuiona, au kwa waziri. Mengine yote katika tangazo hilo yanaweza kusubiri.